Mchezo Aliomshonea Dada Yake

Kwanza lisemwe moja, ili mtu asije akadai amedanganywa: Bandi hakujua kompyuta hata ya kusingiziwa. Simu yake aliitumia kwa mambo matatu tu, kupiga, kupokea, na kuwapiga picha wanawake wa watu barabarani kwa siri ili akaige mishono ya magauni yao. Alikuwa na miaka arobaini na sita, miwani imening'inia shingoni kwa uzi, pini zimejaa kifuani. Jina la Bandi alipewa na wateja, kwa sababu hakuwahi kupitisha kitambaa kwenye cherehani bila kwanza kukipiga bandi, yaani kukishikiza kwa mkono kwa mishono mirefu milegevu ambayo baadaye hufumuliwa. Mafundi wenzake walimcheka kwamba anapoteza muda. Yeye aliwajibu kuwa nguo zao zinarudi na zake hazirudi, na mazungumzo yakaishia hapo. Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuja kutengeneza gemu, na sababu yenyewe ilikuwa mkono wa dada yake.

Dada ndilo jina alilojulikana nalo na kila mtu, hata wateja waliomzidi umri. Ndiye aliyekuwa mwenye ushonaji ule: chumba kimoja kilichotazama barabara, meza ndefu yenye alama nyeusi ya pasi iliyosahauliwa miaka hiyo, kioo kirefu kilichobandikwa gundi ya karatasi kwenye kona, na nyuma ya pazia vyumba viwili walimoishi. Asubuhi moja Dada alikuwa anakata suti. Mkasi ukamponyoka, na kabla Bandi hajainama kuuokota, Dada naye alikuwa sakafuni. Kiharusi. Hospitali ilimrudisha baada ya wiki tatu, anaburuta mguu kidogo, ulimi mzito lakini unaeleweka, akili timamu kabisa, tena kali kuliko mwanzo. Kilichobaki nyuma ni mkono wa kulia. Ulikaa mapajani kama mzigo wa mtu mwingine aliyemwomba amshikie.

Daktari wa mazoezi, mwanamume mpole mwenye viatu visivyotoa sauti, alimletea mpira laini wa kuminya. Dada aliutazama mpira, akamtazama daktari kuanzia viatu mpaka nywele, kisha akausukuma kwa mkono wa kushoto ukaviringika hadi chini ya kabati. Akasema kwamba katika maisha yake amelea mtoto mmoja, amemaliza, na hana mpango wa kurudi utotoni yeye mwenyewe. Daktari akamchukua Bandi hadi mlangoni, akampa ukweli wote bila kuupaka sukari. Ubongo wa Dada ulikuwa unatafuta njia mpya ya kuufikia mkono, na njia hiyo hupatikana kwa kurudia jambo moja mara nyingi mno, mamia kwa siku, tena kwa hiari ya mgonjwa. Angerudi baada ya wiki sita kuupima. Akiukuta vilevile, basi watauacha, wamfundishe kutumia wa kushoto, na vidole vya kulia vitaanza kujikunja.

"Si lazima uwe mpira," akasema. "Kitu chochote ambacho atapenda kukifanya mara mia mbili kwa siku."

Bandi alibaki pale mlangoni roho imemshuka. Mkono ule aliujua kuliko wake mwenyewe. Alikuwa na miaka tisa mama yao alipofariki, na Dada, msichana wa miaka ishirini na mbili aliyekuwa na mipango yake, aliikunja mipango hiyo akaiweka pembeni, akamchukua mdogo wake na cherehani ya marehemu. Mkono huo ndio ulimlisha, ukamwogesha, ukamshika kifundo na kumwonyesha jinsi ya kuongoza kitambaa. Mkono huohuo uligonga meza kwa subana, kile kikofia cha chuma cha kuvaa kidoleni, kila mshono ulipopinda, na sauti ikafuata: fumua. Na fumua ya Dada haikuwa ya kubembeleza. Ukipinda hata pale mwishoni kabisa, unafumua mshono wote, unaanza upya tangu mwanzo. Bandi alilia sana juu ya ile meza, lakini kila kitu alichokuwa nacho mjini, heshima, wateja, hata jina lake la utani, kilitoka hapo, na alikuwa hajawahi kusema asante hata siku moja. Katika nyumba ile neno hilo halikuzoeleka. Mtu alipigiwa pasi nguo zake, akaelewa.

Wazo lilikuja siku ya tatu. Bandi alikuwa ametandaza gauni mezani, mstari wa chaki umepita ubavuni, akainua macho akamwona Dada anautazama ule mstari. Anaufuata polepole kwa macho, kutoka kwapani kwenda kiunoni. Na mapajani, kidole cha shahada cha mkono wa kulia, kile kilichokataa katakata kugusa mpira, kilitikisika. Kilisogea upana wa punje, kwa mwendo wa ule mstari. Bandi akajifanya anatafuta pini.

Kesho yake akampa kitambaa chenye mstari na sindano. Dada akagoma, hakutaka mtu aone mshono uliopinda umetoka ushonaji kwake. Akampa karatasi na kalamu, akamchorea mstari aupitie juu. Dada alijaribu mara moja. Alichora kitu kilichokwenda kama njia ya kuku, akakitazama kwa muda mrefu, nacho kikabaki palepale kinamtazama. Akaikunja karatasi kwa mkono wa kushoto, akaitupa ndooni kwenye vipande vya vitambaa. Bandi akaelewa jambo. Dada hakuwa anaogopa kazi. Alikuwa anaogopa ushahidi, na kilichotakiwa ni mstari unaofutika wenyewe bila mtu kuuona.

Jirani yao wa ukuta wa pili alikuwa fundi simu, bwana mnene wa rika la Bandi, ambaye huzungumza na simu mbovu kama mtu anayembembeleza mgonjwa anywe uji. Bandi alimwendea akamweleza: anataka kitu cha kwenye kioo cha simu, mstari wa chaki, mtu aupitishie kidole, na uzi utokee nyuma ya kidole. Fundi simu akamwambia hilo linaitwa gemu, na lake hasa hajawahi kuliona popote. Bandi akauliza nani anaweza kulitengeneza. Yule bwana akakuna kichwa. Yeye alijua kufungua simu, kutengeneza mchezo hakujua. Ila alikuwa amesikia habari ya programu moja ya bure ambayo haitaki uandike chochote. Maagizo yake ni vibao vya rangi unavyoviburuta kwa kidole na kuvipachika kimoja chini ya kingine: mtu akigusa, sogea, simama, toa sauti. Akaiweka kwenye kishikwambi cha zamani, kile kisimu kipana cha kukamatwa kwa mikono miwili, kilichopasuka kona moja, kilicholala dukani kwake tangu mwenyewe alipokisahau.

"Chukua," akasema. "Dada yako ndiye aliyenishonea shati la harusi nikiwa nimevimba hivi, na hakuna aliyeona kitambi."

Basi Bandi akaanza. Alifanya kazi hiyo alfajiri kabla ya kufungua, na ule muda wa mchana wateja wanapokuwa wachache. Siku ya kwanza alichora sindano, na kuchora alikuwa anajua. Siku ya pili akapachika kibao cha kuiambia isogee. Sindano ikasogea kweli, ikavuka kioo, ikatoka nje ya ukingo, ikaenda arijojo. Bandi aligeuza kishikwambi akatazama nyuma, na asicheke mtu, hata wewe ungegeuza. Akaenda nacho mbio kwa jirani akisema sindano imepotea.

"Uliiambia iende," fundi simu akasema. "Uliiambia isimame wapi?"

Hakuwa ameiambia. Akarudi ameduwaa, na njiani, hatua kumi hivi kutoka mlango mmoja hadi mwingine, akaelewa zaidi ya alivyoelewa kwa siku mbili. Chombo kile hakikuwa na akili wala ubishi. Kilikuwa mwanafunzi wa siku ya kwanza. Ukimwambia kata, anakata, na usipomwambia acha, atakata mpaka meza. Na wanafunzi wa siku ya kwanza Bandi alikuwa amewafundisha wengi.

Toka hapo alikifundisha kwa njia anayoijua. Alichukua karatasi za ruwaza, zile kubwa za rangi ya udongo za kukatia vielelezo vya nguo, akazikata vipande, kila kipande akaandika agizo moja kwa kalamu, akavipigilia ukutani kwa pini kwa mpangilio wake. Kidole kikigusa kioo. Kama kipo juu ya mstari. Sindano ifuate. Uzi utokee. Kidole kikiinuka, simama. Wateja waliuliza ni gauni gani hilo lenye vipande vyote vile, naye akawajibu ni la mtu mgumu kuvaa. Kitu kilipokataa kufanya kazi, hakugusa kishikwambi, alisimama mbele ya ukuta. Mara uzi ulitokea kabla mtu hajagusa kioo, akatazama ukutani akaona ameweka agizo la uzi juu ya agizo la kidole, sawa na fundi anayeunga mkono wa gauni kabla hajaunga mabega. Akahamisha pini, mambo yakanyooka. Na kila kibao kipya alikipiga bandi kwanza: alikijaribu pembeni peke yake, kilegevu, ndipo alipokiunga na vingine. Tabia iliyochekwa na mafundi wote mjini ikawa ndiyo inayomwokoa.

Usidhani ilikuwa mteremko. Siku nne nzima alishindwa kukifanya chombo kijue kwamba kidole kipo juu ya mstari au nje. Alijaribu hivi, akajaribu vile, akamkaripia mteja asiye na hili wala lile. Mwishowe fundi simu alimwonyesha ukurasa ambako wanaojifunza huulizana maswali, Bandi akaandika lake kwa kidole kimoja, amekata tamaa tayari. Kesho yake jibu lilikuwepo. Limeandikwa na mtu asiyejulikana yuko wapi, aliyejitambulisha tu kuwa bibi wa wajukuu sita, amechora kwa mkono, hatua kwa hatua, namna ya kuupa mstari rangi yake ya pekee na kukiuliza chombo kidole kimegusa rangi gani. Chini akaandika kwamba hata yeye alikwama hapohapo mwaka jana, akalia. Bandi hakulijua jina la mama huyo, lakini alimwombea heri kwa sauti, palepale kwenye kiti, mkasi mkononi.

Kilichobaki ni sauti. Bandi hakutaka vinanda wala kengele. Alitaka cherehani ya Dada, ile ya marehemu mama yao, iliyofunikwa tangu siku ya mkasi. Aliivua kifuniko chake cha kitambaa cha maua yaliyofifia, akaitia mafuta, akatunga uzi haraka haraka, akashona kipande cha kitambaa huku kishikwambi kinarekodi. Pazia lilikuwa limefungwa. Nyuma yake ikatoka sauti nzito, ya kukokota, ya mtu ambaye kwa siku tatu alikuwa hajasema zaidi ya ndiyo na hapana.

"Nani anaendesha cherehani yangu na uzi umelegea?"

Bandi akatazama. Ulikuwa umelegea. Akaukaza, akarekodi upya, machozi yanamtoka na kicheko kinamtoka, vyote kwa wakati mmoja.

Mchezo ulikuwa tayari zikiwa zimebaki siku kumi na nane daktari arudi. Bandi aliweka ndani yake kila alichofundishwa na Dada, na kama mwanafunzi mwaminifu hakusahau ile sheria kuu. Kidole kikitoka nje ya mstari, hata upana wa uzi, chombo kinaandika fumua, na mshono wote unafunguka kurudi mwanzo. Aliona hapo ndipo pazuri kuliko pote. Alijua Dada ataona sheria yake, atacheka, atajisikia nyumbani.

Akamwekea kishikwambi mapajani, akamwinua kidole cha kulia akakiegemeza kwenye mstari. Dada akasukuma. Cherehani ikaunguruma kidogo, na kidole kikatetemeka, kikatoka. Fumua. Akajaribu tena. Fumua. Bandi alihesabu mara kumi na moja, na hakuna hata moja iliyovuka upana wa vidole viwili. Ya kumi na mbili Dada hakuianza. Alikigeuza kishikwambi kifudifudi.

"Umenitengenezea kitu cha kunisuta," akasema, taratibu, bila hasira, na afadhali angekuwa na hasira.

Bandi alitoka akakaa mbele, katikati ya vile vipande vya karatasi ukutani, akajiona mjinga wa wajinga. Wiki tatu na ushei amehangaika, amewasumbua watu wa nje na ndani, na alichopata ni kumtukana mgonjwa kwa maneno yake mwenyewe. Siku nyingine mbili zilipita hivyo. Dada akarudi kwenye ndiyo na hapana. Mkono ukarudi mapajani.

Siku ya tatu Bandi aliamua kuifunika ile cherehani, maana kuiona wazi kulimuumiza. Akakiokota kifuniko cha maua, akakikung'uta vumbi, kikageuka ndani nje. Kifuniko hicho alikishona yeye. Kilikuwa kazi yake ya kwanza kabisa, akiwa na miaka tisa, na Dada hakuwahi kuifunika cherehani kwa kitu kingine miaka thelathini na saba. Kwa nje kilikuwa kimenyooka, safi. Bandi hakuwa amewahi kukitazama kwa ndani tangu siku alipokimaliza.

Mshono wa ndani ulikuwa umepinda vibaya sana. Umelewa, unakwenda huku na huku, mahali pengine umekaribia kabisa kutumbukia nje ya kitambaa. Ila haukutumbukia, kwa sababu Dada aliyekata kitambaa hicho aliacha nje ya mstari nafasi ya vidole vitatu. Fundi yeyote huacha kidole kimoja. Dada aliacha vitatu, ili mtoto apinde atakavyo na bado nguo isimame. Bandi akaketi chini na kile kifuniko, na kumbukumbu ikaanza kumjia vipande vipande. Aproni ya mwezi uliofuata, vidole viwili na nusu. Foronya, viwili. Sketi ya shule, kimoja na nusu. Nafasi ilikuwa inapunguzwa kimyakimya, bila yeye kuambiwa, na fumua haikuwepo. Fumua ilikuja mwaka wa pili, mkono ulipokwisha kuweza. Lakini sauti ya subana ilikuwa kubwa, ikazifunika zile nafasi, na mtoto akakua akikumbuka ukali tu. Bandi alilia pale chini mpaka mteja aliyekuja kuchukua suruali akarudi zake kimya kimya.

Kisha akajikaza kisabuni, akasimama mbele ya ukuta, akang'oa kile kipande cha karatasi kilichoandikwa fumua, akakitupa kwenye ndoo ya vitambaa. Mstari akaupa upana wa vidole vitatu. Kidole kikitoka nje, hakuna kinachofunguka wala kuandikwa. Cherehani inanyamaza tu, inamngoja mtu palepale alipofikia, akirudi inaunguruma tena. Na kila baada ya mishono ishirini, mstari upungue kidogo, kama unene wa kucha, bila kusema neno. Alfajiri mbili zilimtosha. Mwezi mmoja nyuma asingejua hata pa kugusa.

Kumrudishia Dada kishikwambi ndiyo ilikuwa kazi. Kumbembeleza asingethubutu, maana Dada akibembelezwa huwa mawe. Bandi alimwekea mezani, akasema kama mtu aliyechoka kwamba kuna kasoro kwenye ushonaji ule na yeye macho yake yameshindwa kuiona, basi Dada amkagulie. Kwa miaka yote hiyo hakuna nguo iliyotoka mle bila kukaguliwa na Dada, na kama kuna kitu mwanamke yule asichoweza kukikataa, ni kasoro ya mtu mwingine.

"Lete," akasema.

Kidole kikasukuma. Cherehani ikaunguruma, ikanyamaza, ikaunguruma, ikanyamaza. Kikafika mwisho. Dada akarudisha pumzi. Halafu akasema rangi ya uzi haikuendana na kitambaa.

Bandi akabadilisha rangi ya uzi. Kesho yake Dada akasema pindo limekaa pabaya. Likahamishwa. Keshokutwa akauliza hili ni kwapa au ni pango, nani atavaa kwapa la hivi, na Bandi akachora upya mkunjo wa kwapa mara tatu kabla ya kukubaliwa. Ili kukagua, ilibidi Dada ashone. Na kila kilichorekebishwa, ilibidi ashone tena kuona kama kimerekebishwa kweli. Alishona ubavu, akashona mabega, akashona kola. Alishona akingoja chai na akiwa ameshaimaliza. Fundi simu, aliyekuwa akija kuchungulia kwa kisingizio cha chaji, alipewa kazi ya kuhesabu kwa siri, na siku ya sita alikuja na hesabu iliyopita mia tatu kabla ya jua kuwa kali. Mstari ulikuwa umeshuka hadi kidole kimoja na nusu. Cherehani ilikuwa inanyamaza mara chache, na kwa muda mfupi.

Daktari alirudi siku aliyosema. Aliushika mkono, akaukunja, akaukunjua, akaugeuza kiganja juu. Akamwomba Dada aokote chochote mezani. Dada akanyoosha mkono wa kulia, polepole, ukitetemeka, akapita kalamu, akapita kikombe, akaichukua chaki. Akaibana kati ya kidole na gumba, akavuta mstari mfupi juu ya kitambaa kilichokuwepo. Haukunyooka. Ila ulikuwa mstari, na mtu yeyote angeweza kukata kwa kuufuata. Daktari akaandika kwenye karatasi zake kwamba mkono huu hauachwi, matibabu yanaendelea, kisha akauliza mgonjwa alikuwa anafanya mazoezi gani.

"Sifanyi mazoezi," Dada akasema. "Nashona."

Daktari alipoondoka, Bandi alifunga mlango wa barabarani, mchana kweupe, jambo ambalo halijawahi kutokea. Alitaka kusema kitu na hakujua kinaanzia wapi. Alikwenda akakichukua kile kifuniko cha maua, akakigeuza ndani nje, akakiweka mezani mbele ya Dada, akaweka mkono juu ya ule mshono uliolewa.

"Asante, Dada," akasema. "Sikuwa nimeona."

Dada alikitazama kifuniko. Akaupitisha mkono wa kulia, ule wenyewe, juu ya nafasi ya vidole vitatu, kutoka upande mmoja hadi mwingine.

"Na wewe ulidhani sitaona?" akamuuliza. "Siku ya kwanza uliponiletea nikague, nilijua. Hiyo nafasi nilianza kuiacha mimi."

Bandi akaanza kulia. Dada alimwacha alie kidogo, si sana, maana kulia kupita kiasi nako alikuona ni kuharibu kitambaa. Kisha akafungua kidroo cha cherehani kwa mkono wa kushoto, akatoa subana, akaivika kwenye kidole cha kulia. Ilimchukua muda. Bandi alitaka kumsaidia, akajizuia. Ilipokaa sawa, Dada akagonga meza nayo mara moja. Haikuwa sauti kubwa kama ya zamani, lakini mtoto wa miaka tisa aliyekuwa bado yumo ndani ya Bandi aliketi wima.

"Sasa weka fumua," akasema.

Bandi akaokota kile kipande cha karatasi alichokuwa amekitupa kwenye ndoo ya vitambaa, akakinyoosha kwa kiganja, akakipigilia pini mahali pake ukutani, akavipachika vibao. Akampa Dada kishikwambi. Dada akavua subana, akaweka kidole kwenye mstari, akasukuma. Cherehani ya mama yao ikaunguruma muda mrefu, ikavuka nusu, ikakaribia mwisho, na pale mwishoni kabisa kidole kikapinda. Mshono wote ukafunguka hadi mwanzo. Dada akacheka, kicheko kile cha tumboni ambacho nyumba ilikuwa haijakisikia tangu siku ya mkasi, akarudisha kidole chake cha kulia mwanzoni mwa mstari, akaanza upya.